Mwongozo wa Kucheza Disko: Kuanzia Mguu wa Kwanza hadi Hustle ya Wawili

Kila zinapokaribia sherehe za mwisho wa mwaka, au mtu anapoalikwa kwenye harusi ambayo wenyeji wameamua kwamba kila mgeni avae bugaluu, maswali huwa ni yale yale. Nianze na mguu upi? Nikishanyoosha kidole juu, nifanye nini tena? Hustle ni wimbo au ni dansi? Ninaweza kujifunza peke yangu chumbani, au ni lazima niwe na mwenzi? Mwongozo huu umeandikwa ili maswali hayo yajibiwe mahali pamoja, kwa mpangilio ambao mtu asiyewahi kucheza hata hatua moja anaweza kuufuata mpaka akasimama ukumbini bila kutafuta ukuta wa kuegemea.

Kwetu neno disko limepanuka mno. Kuna disko toto la mchana wa sikukuu, kuna disko vumbi la kijijini, na kuna disko matanga linalokesha kwenye misiba katika baadhi ya sehemu za Kenya, na kote huko hupigwa muziki wowote uliopo. Disko ninalolifundisha hapa ni lile la Marekani la miaka ya 1970, hasa la New York, lenye mdundo wake na hatua zake. Historia nitaigusa pale tu inapokusaidia kujua kwa nini mwili unafanywa hivi na si vile, kwa sababu wanaoanza wengi huanza na mikono, ambayo ndiyo waliyoiona kwenye filamu, ilhali disko huchezwa kuanzia sakafuni kwenda juu.

Machache ya kujua kwanza

Jina lenyewe linatokana na neno la Kifaransa lililokuwa na maana ya hifadhi ya santuri, na baadaye likawa jina la ukumbi ambamo watu hucheza kwa santuri badala ya bendi. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini ndilo lililoumba dansi yenyewe. Bendi huchoka, hupumzika, na hukata wimbo ili mwimbaji anywe maji. Santuri haichoki, na dijei mwenye mashine mbili za santuri anaweza kuuingiza wimbo wa pili ndani ya ule wa kwanza bila ngoma kukatika. Kwa hiyo mchezaji wa disko hupewa muziki usio na mwisho, na hatua yake ya msingi inapaswa kuwa ndogo kiasi cha kuweza kuendelea nayo saa nzima. Ukiona hatua yako inakutoa jasho baada ya dakika mbili, umeipanua kupita kiasi.

Mahali panapotajwa sana katika mwanzo wa disko ni nyumbani kwa David Mancuso, namba 647 barabara ya Broadway, New York, ambako tarehe 14 Februari 1970 alifanya hafla ya kwanza kati ya zile zilizokuja kujulikana kama The Loft. Watu waliingia kwa mwaliko, pombe haikuuzwa, na waliokuja walikuwa Wamarekani Weusi, watu wa asili ya Puerto Rico, Wazungu, na wapenzi wa jinsia moja ambao kumbi nyingine ziliwabughudhi. Ni Mancuso pia aliyeokota santuri ya Manu Dibango wa Kamerun, Soul Makossa ya mwaka 1972, akaipiga mpaka watu wa New York wakaitafuta madukani na kuikosa. Mwaka uliofuata wimbo huo uliingia katika chati za Marekani. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba disko ni la Wazungu wa kwenye filamu, unajua pa kuanzia kumjibu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Nafasi ya mita 2 kwa 2 inatosha unapojifunza peke yako. Ukifika kwenye hustle ya wawili, ongeza mita moja upande mmoja.

Sakafu iwe ngumu na laini: vigae, mbao, terazo, au saruji iliyosuguliwa. Usijifunze juu ya zulia wala jamvi, kwa sababu mguu utakwama wakati mwili unageuka, na atakayelipa ni goti.

Viatu viwe na soli inayoteleza kidogo, kama ya ngozi. Raba za mazoezi hushika sakafu mno. Soksi peke yake juu ya vigae ni hatari ya upande wa pili. Kama umekwisha kununua raizoni kwa ajili ya sherehe, hongera, lakini ziweke kabatini mpaka hatua zote ziwe zimekaa mwilini. Kisha zivae katika mazoezi mawili au matatu ya mwisho, kwani kiatu cha soli nene hubadilisha mahali uzito unapoangukia.

Muziki uwe kati ya mapigo 100 na 130 kwa dakika. Ili kuupima wimbo, hesabu mapigo ya ngoma kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4: ukipata 26, wimbo una mapigo 104, nao ndio mwendo mzuri wa kuanzia. Wimbo wa Stayin' Alive wa Bee Gees uko karibu na hapo, na mwendo wake unakaribia sana ule wa kukandamiza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama, ndiyo maana wakufunzi wa huduma ya kwanza hupenda kuutumia darasani.

Kioo kirefu kinasaidia, na kama huna, simu iliyosimamishwa juu ya kiti na kukurekodi inasaidia zaidi, kwa sababu huwezi kujitazama na kujirekebisha wakati huo huo unacheza.

Mwenzi hahitajiki mpaka hatua ya saba.

Hatua kwa hatua

1. Tafuta ngoma kubwa kabla ya kusogeza mguu.

Weka wimbo, simama tuli, na usikilize ile ngoma inayosikika kifuani kuliko masikioni. Katika disko ngoma hiyo hupiga kila pigo, moja, mbili, tatu, nne, bila kuruka hata moja. Mpigaji anayetajwa zaidi kwa mdundo huu ni Earl Young wa Philadelphia, ambaye mwaka 1973 aliurekodi kwa namna iliyoigwa na wengi: ngoma kubwa kila pigo, ngoma ndogo yenye mlio mkali kwenye pigo la pili na la nne, na matoazi ya mguu yakifunguliwa katikati ya pigo na pigo. Ukiutamka kwa mdomo ni "du-tsi, du-tsi, du-tsi, du-tsi". Hesabu kwa sauti na upige makofi kwenye mbili na nne mpaka wimbo uishe.

Tahadhari: usifuate sauti ya mwimbaji. Mwimbaji wa disko huvuta maneno, hutangulia na huchelewa apendavyo, na ukimfuata utapotea kabla ya kiitikio. Fuata ngoma, kwani yeye mwenyewe anaitegemea hiyo hiyo.

2. Legeza magoti na ushuke na ngoma.

Simama miguu ikiwa imeachana kwa upana wa nyonga. Kila ngoma kubwa inapopiga, kunja magoti kidogo, na katikati ya mapigo yanyooshe bila kuyafunga. Visigino vibaki sakafuni. Mwendo uwe mdogo kiasi kwamba mtu aliye mbali aone kwamba unapumua na muziki, si kwamba unarukaruka.

Wengi hufanya kinyume: hupanda juu kila ngoma inapopiga, wakaonekana kama wanaokanyaga kitu cha moto. Disko hushuka kwenye pigo. Kaa na zoezi hili kwa wimbo mzima hata kama linakuchosha akili, kwa sababu magoti haya ndiyo yatakayobeba kila kitu kinachofuata.

3. Kanyaga, gusa.

Pigo la kwanza, kanyaga kwa mguu wa kulia upande wa kulia na uweke uzito wote juu yake. Pigo la pili, lete mguu wa kushoto karibu na ule wa kulia na uguse sakafu kwa ncha, bila kuupa uzito. Pigo la tatu, kanyaga kwa kushoto upande wa kushoto. Pigo la nne, lete kulia uguse. Rudia.

Hilo ndilo jibu la swali la mguu upi. Unapocheza peke yako hakuna sheria, lakini katika mwongozo huu tunaanza na wa kulia, na tutabaki hivyo ili usichanganyikiwe mbele. Kipimo cha kujua kama umepatia ni hiki: kila unapogusa, inua ule mguu unaogusa kutoka sakafuni. Ukiinuka bila mwili kuyumba, uzito uko mahali pake. Ukiyumba, umeugawa uzito katikati, na mtu aliyegawa uzito katikati hana mguu wa kuondokea. Hapo ndipo watu husema "nimesahau hatua", kumbe hawakusahau chochote ila wamesimama kwa miguu miwili.

Hatua iwe ya upana wa bega, si zaidi. Ukishaipata, icheze wimbo mrefu mzima bila kuongeza chochote. Nyimbo ndefu ni sehemu ya utamaduni wa disko: Tom Moulton, aliyekuwa akirefusha nyimbo kwa ajili ya wachezaji, ndiye anayehusishwa na kuzaliwa kwa santuri ya inchi 12 yenye wimbo mmoja kila upande, kwa kuwa santuri ndogo ya inchi 7 haikuweza kubeba wimbo mrefu kwa sauti kubwa na nzito. Wachezaji walitaka muda, na teknolojia ikawafuata.

4. Ruhusu kiuno kifuate.

Sasa endelea na kanyaga-gusa, na kila unapokanyaga, acha nyonga ya upande huo iende nje kidogo kwa sababu ya uzito uliouweka. Usiisukume. Ikiwa magoti ni laini na uzito umehamia kweli, nyonga itakwenda yenyewe.

Hapa nina neno kwa waliokulia pwani. Mwenye mazoea ya chakacha tayari ana kiuno, lakini katika chakacha kiuno ndicho kinachoongoza, nacho kinaweza kuzunguka huku miguu imetulia. Katika disko kiuno ni matokeo ya mguu. Ukianza kukizungusha chenyewe, utapendeza sana, ila hutakuwa unacheza disko, na ukifika kwenye hustle ya wawili mwenzi wako hatajua unaelekea wapi.

5. Sasa mikono.

Anza kwa kuiacha mikono ikiwa imekunjwa kidogo kwenye viwiko, ikipita mbele ya mwili kinyume cha miguu, kama unavyotembea. Hilo linatosha kwa robo tatu za usiku. Baada ya hapo ongeza mapambo mawili.

La kwanza ni kuviringisha: kunja viwiko, weka mikono ya mbele sambamba mbele ya kifua, na uizungushe mmoja juu ya mwingine kwa mapigo mawili au manne. La pili ni kidole: mkono wa kushoto kiunoni, mkono wa kulia unatoka kwenye nyonga ya kushoto na kupanda kwa mshazari mpaka juu upande wa kulia, kisha unarudi ulikotoka. Unapanda kwa pigo moja na kushuka kwa pigo moja, macho yakifuata kidole.

Kidole hicho kimekuwa nembo ya disko kwa sababu ya filamu ya Saturday Night Fever, iliyotoka Desemba 1977, ambamo John Travolta aliyevaa suti nyeupe anacheza katika ukumbi wa kweli uliokuwa Bay Ridge, Brooklyn, ukiitwa 2001 Odyssey. Ile sakafu yenye taa iliwekwa kwa ajili ya filamu. Filamu ilitokana na makala ya jarida ya mwaka 1976 ambayo mwandishi wake, Nik Cohn, miaka mingi baadaye alikiri kwamba aliitunga. Sisemi hivyo ili kuidharau filamu, kwa kuwa mpangaji wake wa dansi, Lester Wilson, alikuwa fundi na kila anayejifunza anafaidika akiitazama miguu. Ninasema hivyo ili usiamini kwamba kidole ndicho disko. Kitumie mara mbili au tatu katika wimbo, kisha kirudishe nyumbani.

Ukitaka mikono iliyo tajiri zaidi, tafuta video za waacking, mtindo uliozaliwa miaka hiyo hiyo katika kumbi za wapenzi wa jinsia moja, Weusi na Walatino, huko Los Angeles, ambamo mikono huzunguka juu ya mabega kwa kasi na kukata kwenye pigo. Si mtindo wa siku ya kwanza.

6. Hustle ya mstari, bila mwenzi.

Hii ndiyo inayofaa zaidi harusini, kwa kuwa watu wote hutazama upande mmoja na kufanya jambo moja. Ina namna nyingi. Ninayokupa ina mapigo 24.

Mapigo 1 hadi 4: rudi nyuma kulia, kushoto, kulia, kisha gusa kwa kushoto.

Mapigo 5 hadi 8: nenda mbele kushoto, kulia, kushoto, kisha gusa kwa kulia.

Mapigo 9 hadi 12: nenda upande wa kulia. Kanyaga kulia, pitisha kushoto nyuma yake, kanyaga kulia tena, gusa kwa kushoto.

Mapigo 13 hadi 16: fanya vivyo hivyo kwenda kushoto, na umalizie kwa kugusa na mguu wa kulia.

Mapigo 17 hadi 20: tanua mguu wa kulia kando, uzito ukiwa katikati kwa mara hii moja, na upige kidole juu, chini, juu, chini.

Mapigo 21 na 22: viringisha mikono. Pigo la 23: hamishia uzito wote kwenye mguu wa kushoto huku ukigeuka robo mzunguko kuelekea kushoto. Pigo la 24: lete mguu wa kulia karibu, uguse, na sasa unatazama ukuta mwingine. Anza tena.

Kosa la kawaida liko pigo la nne na la nane, ambapo mtu badala ya kugusa anakanyaga, na kuanzia hapo mguu wake unakuwa kinyume cha wenzake wote. Ikikutokea, simama pigo moja, gusa, na uingie tena, hakuna atakayeona.

Jambo moja litakushangaza. Muziki wa disko kwa kawaida hupangwa kwa mafungu ya mapigo 8, 16 na 32, kwa hiyo mzunguko wa 24 hautaisha pamoja na ubeti. Usiogope. Ukishageuka kuta zote nne utakuwa umetumia mapigo 96, ambayo ni mafungu matatu kamili ya 32, na dansi na wimbo hukutana hapo tena ukiwa unatazama pale pale ulipoanzia.

7. Hustle ya wawili.

Hustle ni dansi, na pia ni wimbo. Dansi ilitangulia: ilichezwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na vijana wa asili ya Puerto Rico wa South Bronx, ambao majumbani kwao walikuwa wamekua na dansi iitwayo mambo na muziki mwingine wa Kilatini. Wimbo wa Van McCoy wenye jina hilo ulikuja mwaka 1975 na kushika nafasi ya kwanza Marekani mwezi Julai, na jina likaenea pote, likiwa limebandikwa juu ya hatua za kila aina. Jambo muhimu walilolifanya vijana hao ni kurudisha kushikana mikono, maana kwa karibu muongo mzima kabla yao dansi za vijana wa Marekani zilikuwa zimewatenganisha wachezaji, kila mtu na lake.

Simameni mkitazamana, umbali wa mkono uliokunjwa. Mmoja awe mwongozaji na mwingine mfuataji. Si lazima mwongozaji awe mwanamume, na kujifunza nafasi zote mbili kunakufanya mchezaji bora. Mwongozaji ashike kwa mkono wake wa kushoto mkono wa kulia wa mwenzi, usawa wa kiuno.

Hesabu ni "na-moja, mbili, tatu". Hiyo "na" ni nusu pigo kabla ya moja, pale matoazi yanapofunguka. Mwongozaji: kwa "na" weka mguu wa kushoto nyuma kwa ncha; kwa "moja" rudisha uzito kwenye wa kulia; kwa "mbili" kanyaga kushoto; kwa "tatu" kanyaga kulia. Mfuataji hufanya hayo hayo kwa mguu wa upande wa pili: kwa "na" kulia nyuma, kwa "moja" kushoto, "mbili" kulia, "tatu" kushoto. Uzito unahama mara nne ndani ya mapigo matatu, na ule uharaka wa "na-moja" ndio unaoipa hustle ladha yake.

Fanyeni kwanza papo hapo, bila muziki, mkihesabu kwa sauti. Kisha, kwa "mbili, tatu", mzungukane nusu mzunguko mpaka kila mmoja awe amesimama mahali alipokuwa mwenzake.

Tahadhari ziko mbili. Ya kwanza, ile hatua ya nyuma ya "na" iwe fupi, kama urefu wa nusu ya kiatu. Ukiirefusha utachelewa "moja" na utamvuta mwenzi mkono. Ya pili, usijilazimishe kuanza kila hesabu kwenye pigo la kwanza la muziki. Dansi ina mapigo matatu na muziki una manne, kwa hiyo hesabu yako itateleza na kukutana na muziki tena baada ya mapigo 12. Wanaoanza wengi hufikiri wamekosea hapa na kusimama, ilhali walikuwa sahihi kabisa. Mnaposhuka na ngoma, mko ndani.

8. Mzunguko mmoja chini ya mkono.

Msianze na hili kabla hatua ya saba haijaweza kuchezwa wimbo mzima. Mwongozaji anaanza kuinua mkono wa kushoto kwa "moja", na mfuataji anazunguka chini yake kwa "mbili, tatu", akimaliza akiwa ametazama mbele tena. Mkono wa mwongozaji ukae juu tu ya kichwa cha mwenzi, ukichora duara dogo, usimkoroge kama anayesonga ugali. Vidole visifungwe, mfuataji aweke vidole vyake viwili au vitatu ndani ya kiganja kilicholegea, ili mkono uweze kuzunguka bila kusokota kifundo. Mikono ikikwama, achieni. Kuachia ni bora kuliko kuumia.

Mfuataji anayezunguka achague kitu kimoja cha kutazama, abaki nacho kwa macho mpaka shingo ishindwe, kisha akigeuze kichwa haraka na kukipata tena.

9. Kupita katikati ya mistari miwili.

Mwaka 1970 Don Cornelius alianzisha Chicago kipindi cha televisheni cha Soul Train, na kuanzia 1971 kikaonyeshwa katika miji mingine ya Marekani. Humo wachezaji walijipanga mistari miwili inayotazamana, na mmoja au wawili wakapita katikati wakionyesha walichonacho. Mtu yeyote aliyewahi kuona wageni wa harusi wakiingia kwa kucheza na zawadi mkononi ataelewa mara moja.

Ikifika zamu yako, usifikirie kuonyesha kila kitu. Ingia na kanyaga-gusa mara nne ukisonga mbele, viringisha mikono, piga kidole kimoja, geuka mara moja, na utoke ukiwa bado kwenye pigo.

Mambo yakikwama

*Ninapoteza pigo kila ninapoongeza mikono.* Mikono imekuja mapema. Irudishe kiunoni, cheza miguu tu kwa wimbo mmoja, kisha ongeza mkono mmoja.

*Magoti yanauma siku ya pili.* Angalia viatu kwanza, kisha angalia kama unageuka wakati uzito uko kwenye miguu yote miwili. Geuka juu ya mguu mmoja na kwa ncha, si kwa kisigino. Maumivu yakizidi siku chache, acha mazoezi na umwone daktari.

*Nikienda kulia kwenye hustle ya mstari ninagongana na jirani.* Hatua zako ni pana. Zipunguze nusu, ukumbi wa harusi una viti.

*Mwenzi wangu anasema ninamvuta.* Unaongoza kwa mkono badala ya mwili. Jaribuni hatua ya saba mkiwa mmeshika karatasi moja kati yenu badala ya mikono. Ikichanika, mmejua tatizo liko wapi.

*Wimbo ni wa kasi mno.* Cheza nusu mwendo: kanyaga kwenye moja, gusa kwenye tatu. Ila usijaribu haya kwenye singeli, ambayo mapigo yake hupita 200 kwa dakika. Singeli ina miguu yake.

*Dijei hana nyimbo za disko, anasema disko lilikufa.* Anakumbuka, pengine bila kujua, usiku wa tarehe 12 Julai 1979 katika uwanja wa Comiskey Park, Chicago, ambako mtangazaji wa redio Steve Dahl alilipua sanduku la santuri za disko kati ya michezo miwili ya besiboli, watazamaji wakavamia uwanja, na mchezo wa pili ukashindikana. Kampuni za santuri zilipunguza disko baada ya hapo. Lakini katika mji huo huo, kwenye ukumbi wa Warehouse, Frankie Knuckles aliyetoka New York aliendelea kupiga mapigo yale yale manne, na muziki wa house ukachukua jina lake kutoka humo. Kwa hiyo mwombe dijei wimbo wowote wa house wenye mapigo kati ya 115 na 125 kwa dakika, na hatua 1 hadi 9 zitakaa juu yake bila kubadilisha chochote.

*Sherehe ni Jumamosi na leo ni Jumatano.* Fanya hatua ya 1 hadi ya 3 leo, ya 4 na ya 5 kesho, ya 6 Ijumaa ukiwa umevaa viatu utakavyovivaa siku yenyewe. Hustle ya wawili iache kwa sherehe nyingine.